Karatasi ya Kwenda Mbio

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa wananchi wa Karatu mjini na vitongoji vyake, kwa wafugaji wa juu Ngorongoro ambao hawakuuliza, na kwa wageni waliokuja kutazama faru wakarudi kwao na picha za makalio ya nyumbu, kwamba wilaya hii imepata shujaa. Jina lake ni Noel Hhando, umri miaka arobaini na minne, Mwiraqw wa Endabash, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mume wa mke mmoja na turbo moja. Kofia zivuliwe. Wenye matarumbeta wayapulize. Waliokuwa wanamcheka waendelee kumcheka, ila kwa adabu.

Sasa tangazo limekwisha, tuambiane ukweli.

Noel ni dereva wa watalii. Ukiitazama kwa mbali, kazi hiyo ni ya raha: unavaa kaki, unakula chakula cha boksi, unajua majina ya ndege. Kwa ndani ni kazi ya kuendeshwa huku usukani umeushika wewe. Mgeni akikugonga bega, unasimama. Akisema sogea mbele kidogo, unasogea. Akisema rudi nyuma, yule ndege amegeuza shingo, unarudi. Kwa miaka kumi na minane Noel ameshuka Kreta na kupanda, ameshuka na kupanda, na hajaenda hata siku moja anakotaka kwa mwendo anaoutaka.

Mwajiri wake ni kampuni ya Kiboko Mwungwana Safaris, na mkurugenzi wa kampuni ni Madam Benedicta, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba hata akiagiza chai. Madam ametunga amri nne, na zimebandikwa ndani ya kila gari juu ya kioo: Mnyama akitokea, simama. Zima injini. Nong'ona. Mtu asishuke.

"Hakuna mnyama mkubwa wala mdogo," huwaambia madereva kila Jumatatu. "Mgeni amewalipia wote."

Chini ya dashibodi kuna kidude kinacholia na kupeleka taarifa ofisini ukizidi kilomita hamsini kwa saa. Noel anazijua tabia za kidude kile kuliko anavyozijua za shemeji zake.

Mtu wa namna hiyo afanyeje? Wenzake wanakunywa. Wengine wanaoa tena. Noel alinunua Starlet.

Kusema alinunua ni kumpa heshima. Aliikuta kijijini Buger, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, ikiwa banda la kuku. Kuku walitagia kiti cha dereva na jogoo alilala juu ya usukani, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa na leseni. Mwalimu alikubali kuiachia kwa sharti la kujengewa banda jingine. Noel akajenga banda, tena zuri, kisha akatumia Jumapili mbili kukwangua kinyesi. Mpaka leo injini ikipata moto vizuri, gari lile hutoa harufu ya kuku waliotishwa.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu siku ile kila Jumapili baada ya misa, wakati wanaume wenye akili wanakula makande na kulala, Noel alikuwa chini ya Starlet. Injini ya zamani, iliyokuwa na nguvu za mbuzi wawili na mmoja wao mgonjwa, aliitoa. Akaagiza Dar injini ya turbo, yenye ile konokono ya chuma inayosukuma hewa kwa nguvu mpaka gari dogo linatukana kama kubwa. Ilikuja kwa basi ndani ya gunia la mkaa, kama maiti isiyo na ndugu. Akaifunga. Akaipeleka mlima wa Rhotia kuijaribu, na katikati ya mlima pistoni ikatoboka kama andazi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba turbo inakunywa mafuta kuliko pampu ya zamani inavyoweza kuyaleta. Akaifungua upya. Mwaka uliofuata gia boksi ikatema meno yake yote mbele ya stendi, siku ya mnada, watu wakiwa wengi kama alivyoomba adui yake. Akaifungua upya.

Mkewe Selestina alikuwa akipita na ndoo anasimama kumtazama.

"Baba Nelson, wenzako wanaongeza vitu kwenye gari. Radio, mapazia, vitambaa vya kufuma. Wewe umetoa viti vya nyuma, umetoa kapeti, leo naona unatoa vioo. Ukimaliza kutoa itabaki nini?"

"Mwendo, mama Nelson."

"Mwendo wa kwenda wapi?"

Swali hilo Noel alilijibu kwa kugonga chuma.

Viti vya nyuma vilipotoka, akachomelea mwenyewe kizimba cha mabomba ndani ya bodi, ili gari likipinduka lisiwakunje kama chapati. Akanyanyua shokapu. Akaweka plastiki ngumu badala ya vioo. Kila tatizo alilitatua, isipokuwa moja. Bomba la turbo lilipita ubavuni mwa stata, ile mota ya kuwashia injini, na hapakuwa na nafasi ya kulipitisha kwingine. Injini ikiwa ya moto, ukiizima, stata inagoma, na itagoma dakika ishirini hata ukiisalia novena. Noel akatafuta rangi nyekundu, akaandika kwenye dashibodi kwa herufi za ukubwa wa yai: USIZIME.

Arusha kuna klabu moja ya mashindano ya magari. Wanachama wake ni watu ambao majina yao ya ukoo umeyasoma juu ya maduka. Magari yao huja juu ya magari mengine, tairi zimefunikwa blanketi, na kila moja lina watu sita wenye fulana za rangi moja ambao kazi yao ni kulipapasa. Noel alifika akiendesha Starlet kutoka Karatu, na chakula cha mchana kwenye hotipoti. Mtu wa mapokezi alimuuliza kama ameleta spea za mtu. Akasema amekuja kushindana. Wakamtazama kwa huruma, lakini karatasi zake zilikuwa sawa, na kizimba kilipopimwa unene kikakutwa ni kinene kuliko kilivyotakiwa. Wakampa leseni ya muda.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kwa sheria za klabu ile, mwenye leseni ya muda akimaliza mbio tatu ndani ya msimu mmoja anapewa leseni kamili ya mashindano: kadi ya plastiki, picha yako, jina lako, neno DEREVA. Ukiwa nayo hata gari lako likifa unaweza kuitwa uendeshe la mwingine. Noel alikuwa amemaliza mbili. Ya tatu na ya mwisho kwa msimu ilikuwa Agosti, safari hii barabara za vumbi za Karatu kwenyewe. Na klabu ilikwishatoa barua: kuanzia Januari, kizimba cha kujichomelea hakipokelewi, hata kiwe kinene kama nguzo ya kanisa, lazima kiwe na cheti cha kiwanda. Kwa hiyo Karatu nzima ilijua. Akimaliza mbio za Agosti, ni dereva wa mashindano maisha yake yote. Asipomaliza, Starlet inakuwa chuma cha kuanikia nguo, na miaka kumi na miwili ya Jumapili imeliwa na kuku.

"Lakini leseni si unayo?" Selestina alimuuliza. "Daraja C, miaka kumi na minane."

"Ile ni ya kubeba watu."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ni yangu."

 Jioni ile Selestina alichukua kaki mbili kuukuu za kazini, akazishona kuwa vazi moja la mbio, na sehemu iliyokuwa na nembo ya kiboko akaibandika kiraka. Ndiye mwanamke pekee wa Karatu aliyewahi kumfunika kiboko macho kwa mapenzi.

Mtu wa mbio haendi peke yake. Pembeni yake hukaa msoma njia, ambaye jana yake wamepita pamoja polepole wakiandika kila kona, na siku ya mbio anazisoma kwa sauti ili dereva ajue kilichoko mbele kabla hajakiona. Wenzao hutumia namba, moja mpaka sita, kona kali mpaka kona laini. Msoma njia wa Noel alikuwa Parmuat, Mmaasai wa Nainokanoka, dalali wa ng'ombe mnadani Karatu. Kwao magari ni machache na miguu ni mingi, lakini hajawahi kupotea maisha yake yote, na hajawahi kusahau ng'ombe.

Parmuat alizikataa namba siku ya kwanza.

"Fundi, tatu ni nini? Tatu ni ng'ombe watatu. Kona siyo ng'ombe watatu."

Akachukua daftari akaanza kuchora pembe. Kona laini ilikuwa pembe wazi, ya ng'ombe anayetazama mbali. Kona ya kawaida, pembe ya kuinuka. Kona kali inayojikunja kadiri unavyoingia, pembe ya ndani. Na ile mbaya kabisa, inayokurudisha ulikotoka, alichora ng'ombe fulani wa boma la shangazi yake Nanyokie, ambaye pembe yake ilikuwa inataka kumtoboa jicho mwenyewe. Kona hiyo aliiita Nanyokie. Korongo likiwa pembeni aliandika "dume", maana dume hakaribiwi.

Watu wa klabu walilipitisha daftari lile mkono kwa mkono wakicheka mpaka machozi. Mbio za pili, daftari likawafikisha Noel na Parmuat nafasi ya tatu katika kundi la injini ndogo. Kicheko kikapungua kidogo, kikawa cha pembeni.

Agosti ikafika. Jumamosi, vumbi la Karatu likiwa laini kama unga wa sembe na jekundu kama aibu. Hatua ya kwanza ilipita katika shamba la kahawa. Ya pili Rhotia. Ya tatu ikazunguka kurudi kusini. Noel aliendesha namna ambayo hata waliomfahamu hawakumtambua. Mtu mpole huyu, anayepisha hata bata, alikuwa anaitupa Starlet kwenye kona ubavu, mkono wa kushoto kwenye breki ya mkono, mguu wa kulia umesahau kwamba duniani kuna kidude. Turbo inapiga mluzi. Kuku wa miaka kumi na miwili iliyopita wananuka. Parmuat anapaza sauti kama anahesabu mifugo zizini.

"Kulia, pembe wazi! Shikilia! Kushoto ya kuinuka, halafu ya ndani, ya ndani, dume kulia! Dume, fundi, dume!"

Baada ya hatua tatu walikuwa wanaongoza kundi lao kwa sekunde arobaini. Watu wenye fulana za rangi moja walianza kuulizana huyu wa Starlet ni nani. Na hata hakuhitaji kuongoza. Alihitaji kumaliza tu. Imebaki hatua moja, Buger, kilomita kumi na nane, magari yakiachiwa moja moja kila baada ya dakika mbili, na lango la mwisho linamfungia nje kila anayechelewa kwa zaidi ya dakika kumi na tano.

"Twende kama watu wa kanisani," Parmuat alimwambia kwenye mstari. "Tumalize."

"Tunamaliza," akasema Noel.

Kilomita ya kumi na moja ya hatua ile barabara inashuka korongo, inapiga Nanyokie moja mbaya chini, kisha inapanda ng'ambo katikati ya mashamba ya mbaazi. Wakaipiga Nanyokie vizuri mpaka vibarua waliokuwa wanavuna juu ya mteremko wakapiga vigelegele. Wakaanza kupanda. Na hapo, katikati ya barabara, mita arobaini mbele, alikuwapo kobe.

Si kobe wa ajabu. Kobe. Mkubwa kama sufuria ya wali wa watu wanne, gamba la madoa, anatoka mbaazi za kulia kwenda mbaazi za kushoto. Upande wa kushoto palikuwa na nafasi ya kupita Starlet na mkokoteni wa punda.

Noel akakanyaga breki, lakini si breki ya mbio. Ilikuwa breki ile laini, ya polepole, inayosimamisha gari bila kumwaga kahawa ya mgeni. Akalileta gari mpaka mita tano, akalilaza kidogo kuume ili kobe akae upande wa kushoto wa abiria, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Ukazima.

Ukimya ukashuka. Ndege akalia kwenye mbaazi. Na Noel Hhando, anayeongoza kwa sekunde arobaini, akamgeukia msoma njia wake, akanong'ona kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba upande wenu wa kushoto ni kobe wa madoa ya chui, anaweza kuishi hata miaka hamsini, tafadhali msipige kelele.

Parmuat alimtazama. Kisha akamtazama kobe. Kisha akamtazama tena.

"Fundi," akasema. "Umefanya nini?"

Alikuwa anashika kitasa atoke amwondoe kobe, na Noel, Mungu amsamehe, akamdaka mkono.

"Mtu asishuke!"

"Ni kobe, fundi! Kobe!"

Nadhani ni neno la pili ndilo lililomwamsha. Macho yake yakashuka kwenye dashibodi, kwenye ile rangi nyekundu, yakasoma. Akazungusha ufunguo. Stata ikatoa sauti ndogo, tk, kama mtu anayesonya. Akazungusha tena. Tk.

Juu ya ukingo vibarua walikwishaacha mbaazi. Mbele yao alikuwa mwanamke mmoja kutoka Singida, Vumilia, aliyekuja kwa msimu wa kuvuna, na simu yake ilikuwa hewani ikirekodi tangu vile vigelegele.

"Kaka wa gari la makelele!" akaita. "Mafuta yameisha, au unamwamkia mzee?"

"Tusukumeni, dada! Tafadhali!"

"Tuwasukume, halafu nani ampishe nani? Jamani njooni mwone, kumbe wanashindana na kobe! Na kobe anaongoza!"

Walicheka wote, hata wazee, hata yule mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto akacheka kwa sababu mgongo ulikuwa unatikisika. Kobe yeye hakucheka. Alimaliza kuvuka kwa mwendo wake, akaingia kwenye mbaazi za kushoto kwenda kuendelea na shughuli zake, ambazo hazikuhusu leseni ya mtu.

Gari lisilowaka, lenye gia za kawaida, dawa yake unaijua: liachie mteremkoni, tia gia, achia klachi. Mteremko ulikuwepo mzuri kabisa. Ulikuwa nyuma. Na sheria ya mbio ni kwamba ukirudi nyuma hata hatua tano ndani ya njia umefutwa papo hapo, maana kuna gari linakuja baada yako. Basi Noel na Parmuat walisukuma kwenda juu. Vumilia na wenzake sita wakashuka kuwasaidia, yeye akisukuma kwa mkono mmoja na kupiga picha kwa mwingine. Mita mia mbili za kupanda, jua la saa saba. Kila dakika mbili waliruka pembeni, gari la mwenye duka likapita likiwafunika vumbi, wakarudi kusukuma. Noel alikuwa analia, lakini kwa vumbi lile ungedhani anatoka jasho jekundu.

"Sukumeni, wajomba, sukumeni! Pumzi moja!" Parmuat anapaza sauti kama mnadani.

"Kobe angekuwa ameshafika!" anajibu Vumilia.

Walifika juu. Wakaliachia upande wa pili. Gari likakohoa, likawaka. Kilomita zile saba zilizobaki Noel aliziendesha kwa namna ambayo Parmuat mpaka leo akiieleza anashika ukuta. Hakuna aliyesoma pembe. Daftari lilikuwa limeanguka njiani kwenye mbaazi.

Lango la mwisho lilikuwa na meza, mwavuli, na mtunza muda mpole mwenye kofia nyeupe. Aliitazama saa yake. Akaitazama Starlet. Akazitazama sura mbili nyekundu ndani yake.

"Dakika kumi na tisa, kaka," akasema. "Pole sana. Ni kumi na tano."

"Tulisukuma," akasema Noel.

"Naona. Pole."

"Naomba uandike kwamba tumefika."

"Nikiandika umefika lazima niandike saa ngapi. Nikiandika saa ngapi, hujafika." Alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Parmuat alijaribu njia ya mnadani. "Mzee, punguza kidogo. Kumi na tisa na kumi na tano, tukutane kumi na saba."

Mtunza muda akatikisa kichwa. Gari lililofuata lilikuwa linafika.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Noel alikula makande, akalala. Selestina alikaa mlangoni akisikiliza ukimya wa uani, akitamani japo nyundo moja. Hatimaye akaingia.

"Baba Nelson, ulimwonea huruma?"

"Nani?"

"Kobe."

Noel akageukia ukutani. "Mama Nelson, sikumwona kobe. Niliona kazi."

Hadithi ingeishia hapo kama dunia ingekuwa na haya. Lakini picha za Vumilia zilikuwa zimekwishatembea. Video ya sekunde hamsini na tatu, juu yake ameandika MBIO ZA KARATU: KOBE ANAONGOZA. Arusha wakacheka. Dar wakacheka. Kisha mgeni mmoja wa Uholanzi, aliyewahi kuendeshwa na Noel, akaiona, hakuelewa hata neno moja la Vumilia, akaituma kwa rafiki zake akiandika kwamba Afrika bado kuna watu wanaotoa sadaka ushindi kwa ajili ya uhai wa kiumbe mdogo. Wazungu hawakucheka. Wazungu walilia. Barua zikaanza kuingia ofisini Kiboko Mwungwana, watu wakiulizia dereva wa kobe, wakitaka kuweka nafasi ya safari naye.

Madam Benedicta alimwita Noel. Noel alijua anafukuzwa, kwa kuwa kwenye picha kiraka kilikuwa kimebanduka na kiboko wa kampuni alionekana wazi akisukuma gari la mbio.

"Noel," akasema Madam kwa ile sauti ya msiba, "umetupa heshima."

Wiki mbili baadaye, bustanini kwenye loji ya kampuni, turubai likafungwa. Kwaya ikaletwa. Madereva wote wakavalishwa fulana zenye picha ya kobe, na nyuma yake maandishi: TUNASIMAMA. Wageni thelathini walikaa mbele na juisi, Selestina na Parmuat wakawekwa safu ya tatu, nyuma ya keki. MC alisoma risala ndefu iliyomlinganisha Noel na watakatifu wawili na mbuyu mmoja. Kisha Madam akamvisha shada, akamkabidhi kobe wa kuchonga kutoka Mto wa Mbu, na cheti chenye mhuri wa dhahabu: RAFIKI WA VIUMBE.

"Karatasi umepata," Parmuat alimnong'oneza Selestina.

"Nyamaza, shemeji. Usinifanye nilie kwenye keki ya watu."

Halafu Madam akatangaza zawadi kubwa. Kuanzia mwezi ujao kampuni inazindua huduma mpya iitwayo Safari ya Polepole, kwa wageni wanaotaka kuisikia ardhi ikipumua. Mwendo, kilomita kumi na tano kwa saa, asubuhi mpaka jioni, na kidude kitarekebishwa kilie kuanzia kumi na sita. Dereva wake atakuwa mmoja tu, kwa mkataba wa miaka kumi. Bwana Noel Hhando! Wageni wakasimama kushangilia. Kwaya ikapasuka. Madereva wenzake walipiga makofi wakitazama viatu vyao, kwa kuwa madereva walijua. Hao ndio watu pekee pale bustanini waliowahi, nyumbani kwao siku ya mapumziko, kusimamisha pikipiki na kuizima kwa ajili ya paka.

Noel alisimama na kobe wa mti mkononi. Alikuwa ameiona kadi ile ya plastiki mara nyingi mno usingizini, yenye picha yake na neno moja, na sasa alitazama mhuri wa dhahabu kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani akaambiwa ni wake.

Madam akampa maikrofoni. Mtafsiri akajiweka tayari. Mama mmoja wa Kijerumani akashika kifua.

"Noel, mwanangu," akasema Madam, miwani ikimeremeta kifuani, "waambie wageni wetu kwa moyo wako. Ulikuwa unaongoza. Ulikuwa karibu kabisa na ndoto yako. Lau ungerudishwa leo kwenye barabara ile ya Buger, ukamwona tena yule kiumbe mbele yako, ungefanya nini?"

Noel akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Ningemkanyaga."